Kumpatia nyumba asiye na makazi: kazi ya halmashauri au ya serikali kuu?

Mabishano haya hayaishi. Waziri husema watu wanaolala nje ni jukumu la halmashauri, kwa kuwa halmashauri ndiyo iliyo karibu nao. Meya hujibu kwamba si yeye aliyepandisha kodi za nyumba, si yeye aliyepunguza ruzuku ya wapangaji, na mfuko wake hautoshi. Wote wawili husema kweli, na ndiyo maana mjadala wao hauzai kitu. Swali lenye faida ni jingine: katika kila hatua inayomfikisha mtu barabarani, na kila hatua inayomrudisha ndani, nani kashika mpini? Na akikosea, hasara inamwangukia yeye au inamwangukia mwenzake?

Sehemu hiyo ya pili, ya hasara, inaeleza mengi kuliko itikadi za vyama.

Kwanza hesabu. Idadi ya wasio na makazi katika mji hutokana na mambo mawili: wangapi wanaingia katika hali hiyo kila mwezi, na kila mmoja anakaa humo muda gani. Tuseme mji una watu 1,000 wasio na makazi. Kila mwezi unawapangishia nyumba watu 100, na kila mwezi wengine 110 wanapoteza zao. Mwaka ukiisha, mji utakuwa na watu 1,120 wasio na makazi, ingawa umewapatia nyumba 1,200. Magazeti yataandika kwamba mpango wa meya umeshindwa, kumbe idara yake ya makazi imefanya kazi ya kupigiwa mfano. Kilichoishinda ni wale 110, na idadi yao huamuliwa zaidi na kodi za nyumba, vipato, ruzuku, magereza na uhamiaji. Katika nchi nyingi mengi kati ya hayo yako mezani kwa serikali kuu.

Wajibu huku, fedha kule

Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu wajibu umeandikwa wazi kisheria. Tunazungumzia England hapa, maana Scotland na Wales zina sheria zao. Tangu sheria ya mwaka 1977, halmashauri inabanwa kuwapatia makazi baadhi ya watu waliopoteza nyumba. Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, iliongeza mambo mawili. Mtu aliye katika hatari ya kupoteza nyumba ndani ya siku 56 lazima asaidiwe ili asiipoteze. Aliyekwisha kuipoteza lazima asaidiwe kwa siku 56 kutafuta nyingine. Muda huo ukipita bila mafanikio, wajibu kamili wa kumpa makazi hubaki kwa wenye kipaumbele tu: familia zenye watoto, wajawazito, na watu ambao ugonjwa, umri au mateso yamewafanya wawe dhaifu kuliko wengine. Scotland ililifuta sharti hilo la kipaumbele mwishoni mwa 2012.

Sasa tufuate fedha. Mpangaji wa kipato kidogo aliye katika nyumba ya mtu binafsi hulipiwa sehemu ya kodi na serikali kuu, kwa kiwango kinachowekwa kwa kila eneo. Zamani kiwango hicho kilipimwa kwa bei ya katikati ya soko. Mwaka 2011 kikashushwa, kikawa cha kutosha nyumba tatu za bei ya chini katika kila kumi. Kuanzia 2020 hadi 2024 kikagandishwa huku kodi zikipanda, kwa hiyo hata zile tatu zikazidi kupungua. Mwenye nyumba akiona ruzuku haifiki bei yake, humpangisha mwingine. Familia inayotoka pale huenda halmashauri, nayo halmashauri haina njia ya kuikataa. Inailaza hotelini au katika chumba cha kukodi kwa usiku.

Halmashauri ikidai kurudishiwa gharama hiyo, fidia yake kwa makazi mengi ya muda imekuwa ikihesabiwa kwa asilimia 90 ya viwango vya Januari 2011. Ndiyo, 2011. Kinachozidi hapo hutoka katika bajeti ileile inayolipia barabara, maktaba na huduma za wazee. Kufikia 2023 kaya zilizokuwa katika makazi ya muda England zilipita 100,000, na halmashauri zikawa zinatumia zaidi ya pauni bilioni 2 kwa mwaka kuzilaza mahali pasipo pa kudumu.

Hapa hatuhitaji kumtafuta mwovu. Hazina ilibana matumizi upande mmoja na kwenye vitabu vyake akiba hiyo ilionekana. Gharama ilijitokeza upande wa pili, kwenye vitabu vya halmashauri, ikiwa kubwa zaidi, kwa sababu chumba cha kukodi kwa usiku ni ghali kuliko nyumba ya kupanga kwa mwezi. Kama kitabu kingekuwa kimoja, mhasibu yeyote angeliona kosa. Halmashauri nazo huongeza tatizo: zikigombania vyumba vilevile, bei hupanda kwa wote. Ndiyo maana zile za London ziliamua kupeana taarifa za bei na kuwekeana ukomo wa malipo, ingawa ukomo huo huvukwa mara kwa mara familia inapokuwa imesimama kaunta saa kumi na moja jioni.

Mgongano wa tarehe ni tatizo dogo kwa sura lakini kubwa kwa athari. Mkimbizi aliyekubaliwa Uingereza, kwa muda mrefu, alipewa siku 28 kuondoka katika makazi ya wizara ya mambo ya ndani. Halmashauri imepangiwa siku 56 za kuzuia asipoteze makazi. Siku 28 za kwanza za kazi hiyo hupotea kabla haijaanza, na mwezi mmoja hautoshi mtu kufungua akaunti ya benki, kupata malipo ya kwanza ya ruzuku na kukusanya amana ya mwenye nyumba. Magereza nayo yalikuwa na ugonjwa wake: wafungwa wengi waliachiwa Ijumaa, wakafika mjini mchana ofisi zikikaribia kufungwa hadi Jumatatu. Sheria iliyopitishwa 2023 iliruhusu mfungwa wa namna hiyo aachiwe hadi siku mbili mapema. Hakuna halmashauri ambayo ingeweza kuirekebisha Ijumaa ile, hata ingekuwa na maafisa hodari namna gani.

Kilicho nje ya uwezo wa waziri

Upande wa pili una ukweli wake. Serikali kuu haiwezi kujua kwamba mzee anayelala karibu na stendi alipoteza kitambulisho mwezi uliopita, ana mbwa, na alikataa kitanda cha makazi ya dharura kwa sababu mbwa haruhusiwi. Inaona takwimu. Kazi ya kuwatoa watu nje hufanywa jina kwa jina.

Chombo cha kazi hiyo ni orodha moja ya majina kwa mji mzima. Kila mtu asiye na makazi huingizwa, kwa ridhaa yake, pamoja na mahali anapolala, tarehe aliyoonekana mwisho, ukubwa wa kaya, afya, kipato na hati alizo nazo. Kila mwezi orodha lazima isawazishwe kama daftari la benki: waliokuwepo mwezi uliopita, jumlisha wapya, jumlisha waliorudi, toa waliopata nyumba, toa wasioonekana kwa muda uliowekwa, mara nyingi siku 90. Jumla isipolingana na idadi ya majina yaliyobaki, kuna shirika halipeleki taarifa, au mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Bila usawazisho huo orodha hugeuka kabati la majina ya zamani, na afisa hushinda wiki nzima akiwatafuta watu waliohama tangu mwaka jana.

Orodha peke yake haitoshi. Lazima wote wenye nyumba za kutoa wakubali kuchukua watu kutoka humo. Hapo ndipo miji mingi hukwama. Kila shirika lina mfadhili wake, fomu yake na aina ya mteja linayempenda, na mteja anayependwa na wote ni yule asiye na matatizo mengi. Mgonjwa wa akili aliyelala nje miaka kumi hubaki mwisho wa kila foleni.

Houston, Texas, ilivunja mtindo huo. Mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa miji ambayo serikali ya Marekani iliiona ina tatizo kubwa zaidi. Chini ya meya Annise Parker, mashirika zaidi ya 100 ya Houston na kaunti zinazoizunguka yaliwekwa chini ya mfumo mmoja: usaili mmoja, orodha moja, na shirika moja la kuratibu linaloamua fedha za shirikisho ziende wapi. Shirika lililotaka kuendelea na utaratibu wake lilikuwa huru kufanya hivyo, ila si kwa fedha hizo. Watu maalumu waliajiriwa kuzungumza na wenye nyumba tu. Kambi za mahema zilifungwa baada ya wakaaji kupewa vyumba, si kabla. Ndani ya muongo mmoja hivi idadi ya wasio na makazi katika eneo hilo ikapungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Wanaoisifu Houston kama ushindi wa serikali ya mji husahau mambo mawili. Fedha nyingi zilitoka Washington, zikiwemo za misaada ya wakati wa UVIKO-19, na fedha za dharura zina mwisho. Tena Houston haina sheria za kugawa ardhi kwa matumizi kama miji mingine ya Marekani, ujenzi ni rahisi, na kodi za nyumba ni nafuu ukilinganisha na San Francisco au Los Angeles. Mratibu hodari katika mji usio na nyumba tupu hana cha kuratibu. Hilo nalo, kwa sehemu kubwa, liko mikononi mwa miji na majimbo: ni baraza la mji linalokataa kibali cha jengo la vyumba 60 kwa sababu majirani wamelalamika kuhusu maegesho, kisha baraza hilohilo linaiandikia serikali kuu barua ya kuomba msaada.

Kuhusu wenye nyumba, mambo yanayowafanya wakatae wapangaji wenye ruzuku yanajulikana na mengi hutatulika kwa fedha kidogo. Marekani, mwenye hati ya ruzuku ya shirikisho hulipa karibu asilimia 30 ya kipato chake na serikali hulipa kinachobaki, hadi ukomo wa eneo. Hupewa angalau siku 60 kutafuta nyumba. Nyumba ikipatikana lazima ikaguliwe kabla ya malipo kuanza, na mwenye nyumba anayesubiri mkaguzi wiki tatu bila kodi hampangishi wa pili. Miji inayofaulu hupeleka mkaguzi ndani ya siku chache, hulipa kodi ya kipindi cha kusubiri, huweka mfuko wa kufidia uharibifu, na humpa mwenye nyumba namba moja ya simu inayopokelewa. Hii ya mwisho ni rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Tatizo kubwa la hati hizo lakini si la mji. Bunge la Marekani hutenga fedha zinazowatosha takriban mmoja tu kati ya kila wanne wanaostahili. Wengine wako kwenye foleni ya miaka.

Pande mbili zinapokamilishana

Ushahidi ulio safi kuliko wote ni wa wanajeshi wa zamani wa Marekani. Kuanzia 2008, serikali ya shirikisho iliwaunganishia vitu viwili ambavyo raia wengine huvipata mbalimbali, kama wanavipata: hati ya ruzuku ya nyumba, na mhudumu kutoka idara ya wanajeshi wa zamani anayemfuatilia mtu huyo. Ikaongeza fedha za kuzuia kufukuzwa nyumba. Miji nayo ikaleta orodha za majina. Mwaka 2010 walihesabiwa zaidi ya 74,000 wasio na makazi. Januari 2024 walikuwa 32,882. Usiku uleule wa Januari 2024, jumla ya wasio na makazi wote nchini ilifika 771,480, kiwango cha juu kuliko chote tangu hesabu hiyo ya kitaifa ilipoanza 2007. Miji ni ileile na kodi ni zilezile, ila kundi moja lilipewa kifurushi kamili na jingine likapewa nusu.

Finland ilifanya hivyo kwa watu wote waliokaa muda mrefu bila makazi. Mwaka 2008 serikali ilitia saini makubaliano na miji kumi mikubwa, yenye idadi za nyumba na tarehe, kwa lengo la kupunguza tatizo hilo kwa nusu. Serikali iligharamia hadi nusu ya ujenzi na ukarabati, pamoja na nusu ya mishahara ya wahudumu wapya. Miji ikabeba iliyobaki na kutoa ardhi. Helsinki, inayomiliki sehemu kubwa ya ardhi yake, ilikuwa na cha kutoa. Makazi ya dharura yenye mabweni yalivunjwa na kujengwa upya kuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja. Helsinki ilikuwa na vitanda vya dharura 2,121 mwaka 1985. Mwaka 2016 vilibaki 52.

Utaratibu walioufuata, Nyumba Kwanza, uliwahi kujaribiwa New York kuanzia 1992. Mtu hupewa nyumba yenye mkataba wa jina lake kabla ya kuacha pombe au kutibiwa, na huduma humfuata nyumbani. Watu hudhani ni kutoa ufunguo na kuondoka. Kwa wenye matatizo makubwa zaidi, timu huwa na mhudumu mmoja kwa wateja kama kumi. Kwa wa wastani, mmoja kwa ishirini. Mji unaoiga jina la mpango kisha ukampa mhudumu wateja 45 utaona malimbikizo ya kodi, ugomvi na majirani, na hatimaye watu kufukuzwa, halafu utatangaza kwamba Nyumba Kwanza haifai. Fedha za kujenga ni za mara moja na wanasiasa huzipenda kwa sababu zina utepe wa kukata. Mshahara wa mhudumu hulipwa kila mwezi milele na hauna utepe.

Kusukumana mpakani

Halmashauri ikiachiwa mzigo peke yake, njia nafuu kwake ni mtu huyo kuwa wa jirani. England kuna kanuni za kuamua mtu ni wa wapi: aliyekaa eneo miezi 6 kati ya 12 iliyopita, au miaka 3 kati ya 5, huhesabiwa kuwa na uhusiano nalo. Kanuni ni muhimu, bila hiyo halmashauri zingerushiana watu. Lakini mtu anayehamahama kwenye masofa ya marafiki katika maeneo manne huenda asitimize sharti popote, na faili lake likazunguka wiki kadhaa huku yeye analala nje.

Marekani kusukumana huko kumepata nguvu ya kisheria. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwamba kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, hata kama mji hauna vitanda vya kutosha. Weka maadili kando kidogo, utazame utendaji. Hema likiondolewa bila nyumba mkononi, kitambulisho na dawa mara nyingi huenda na takataka. Mtu huhama mitaa mitatu zaidi, mhudumu humpoteza, na kwenye orodha anageuka asiyeonekana. Kitambulisho kipya kikichukua miezi miwili kupatikana, kusafisha kwa asubuhi moja kumeongeza miezi miwili ya kulala nje.

Takwimu nazo hutumika kusukumana. Hesabu ya Marekani ni ya usiku mmoja ndani ya siku kumi za mwisho za Januari, na haiwafikii walio kwenye masofa ya ndugu. Finland huwahesabu hao, nao ndio wengi katika jumla yake. Anayelinganisha nchi hizo mbili bila kulisema hilo analinganisha vitu viwili tofauti.

Ukisoma mpango mpya

Waziri au meya akitangaza mpango, acha kwanza idadi ya vitanda. Tafuta ni nani atakayelipa mtu akikaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Kama mlipaji na mwamuzi wa ruzuku ni taasisi mbili tofauti, tegemea makazi ya muda kuongezeka. Angalia kama kiwango cha ruzuku kimefungwa kwenye kodi halisi za eneo na kitapandishwa kila mwaka, au kimeachwa kwa hiari ya bajeti. Angalia mishahara ya wahudumu imetengwa kwa miaka mingapi. Uliza wanaotoka gerezani, hospitalini na katika vituo vya uhamiaji wanatajwa kwa halmashauri siku ngapi kabla ya kutoka. Uliza ardhi ni ya nani.

Kisha angalia ukomo wa fedha, hata pale mambo yanapokwenda vizuri. Mwaka 2024 serikali ya Finland ilipunguza ruzuku ya makazi katika mpango wa kubana matumizi. Idadi ya wasio na makazi, iliyokuwa 3,429 mwaka 2023, ilifika 3,806 mwishoni mwa 2024, ongezeko la kwanza kwa zaidi ya muongo mmoja. Miji ilikuwa na ardhi ileile na vyumba vilevile. Mpini uliogeuzwa ulikuwa wa serikali kuu.